Kupokea Kutoka kwa Jirani: Mlima Wanale na Dhana ya Dhamira za Kilimwengu katika Fasihi

Ikisiri

Mshabaha baina ya kazi za fasihi zilizoandikwa katika lugha mbalimbali huelezwa mara nyingi kwa dhana ya dhamira za kilimwengu, yaani mambo yanayomgusa binadamu popote alipo: mapenzi, kifo, usaliti, kukua, kutafuta haki. Makala haya yanahakiki matumizi ya dhana hiyo kwa kulitazama eneo la Wanale, mashariki mwa Uganda, pamoja na miji ya Mbale na Jinja. Yanadai kwamba dhamira haiwi ya kilimwengu kwa asili yake. Huwa hivyo kwa kupita katika lugha fulani, kwa mkono wa mfasiri fulani, na kwa hiari ya mpokeaji anayeigeuza kuwa yake. Hoja inajengwa kwa masimulizi ya chanzo cha imbalu, usomaji wa Biblia ya Kiganda uliofanywa na Semei Kakungulu, na riwaya ya Timothy Wangusa, Upon This Mountain (1989). Mwishoni makala yanaonesha kwamba jambo hili ni la sera pia: Uganda imeamua kukifundisha Kiswahili kwa lazima, nacho Kiswahili hakitapata makao Wanale kikija kutoa tu bila kupokea.

1. Utangulizi

Anayeingia Mbale kutoka Jinja huuona Wanale kabla ya kuuona mji. Ni ukingo mrefu wa mawe unaoteremsha maporomoko ya maji wakati wa mvua, tawi la mlima mkubwa ambao ramani huuita Elgon na wenyeji huuita Masaba. Katika masimulizi ya Wamasaba, wanaojulikana pia kwa jina la Wagisu, Wanale alikuwa mtu kabla ya kuwa mlima. Masaba, babu wa taifa zima, alizaa Mwambu, Wanale na Mubuya, na koo za leo hujitambulisha kwa kuwafuata wana hao.

Mahali pa namna hii humtia mhakiki kishawishi. Mlima wenye heshima, mababu waliotoka ndani ya mwamba, kijana anayepita katika maumivu ili awe mtu mzima: hayo yote yana mifano yake Ugiriki, India na katika Biblia. Kutoka hapo ni hatua fupi kusema kwamba fasihi ya Wanale, kama fasihi nyingine yoyote, inaeleza dhamira za kilimwengu, kisha kalamu ikawekwa chini. Kwamba binadamu ni mmoja ni kweli. Hata hivyo, mhakiki aliyefika hapo ametaja kichwa cha kazi yake tu. Kazi yenyewe hajaianza.

Maswali yanayobaki ni ya njia. Dhamira imefikaje? Imepita katika lugha ipi, kwa mkono wa nani, na imebadilika nini njiani? Aliyeipokea aliitaka au alilazimishwa? Na je, njia hiyo ina mwendo wa kwenda na kurudi, au wa kuja tu? Makala haya yanayauliza maswali hayo Wanale kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hilo limepokea matini za ulimwengu kwa njia tofauti zinazoweza kulinganishwa. Pili, lipo katika nchi ambayo sasa inakifungulia Kiswahili milango ya shule zake, na namna Kiswahili kitakavyoingia itaamua kama kitakuwa lugha ya fasihi huko au somo la mtihani tu.

2. Dhana na kasoro yake

Dhana ya fasihi ya ulimwengu ina tarehe. Mnamo Januari 1827 Goethe, akizungumza na msaidizi wake Eckermann, alieleza imani yake kwamba fasihi ya taifa moja peke yake haitoshi tena na kwamba zama za fasihi ya ulimwengu zinakaribia. Kilichomfikisha kwenye kauli hiyo ni riwaya ya Kichina aliyokuwa akiisoma siku zile. Jambo linalosahauliwa ni kwamba hakuisoma kwa Kichina. Aliisoma katika tafsiri. Dhana yenyewe ya fasihi ya ulimwengu, basi, ilizaliwa katika kazi ya mfasiri, na tangu hapo wengi wanaoitumia humtaja mshairi na kumsahau mfasiri.

Historia ya fasihi ya Kiswahili inaonesha gharama ya usahaulifu huo. Shaaban Robert alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, wasomaji walikutana na tafakuri ya Mwajemi juu ya kifo, mvinyo na kupita kwa siku. Ni rahisi kusema kwamba tafakuri hiyo ni ya watu wote. Lakini Shaaban Robert alifuata tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald, iliyotoka mwaka 1859, na ambayo wataalamu wanakubaliana kwamba iliuchukulia uhuru mwingi ushairi wa Kiajemi. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imefanya biashara na Uajemi kwa karne nyingi, na maneno ya Kiajemi yamo katika Kiswahili cha kila siku. Pamoja na hayo, mshairi wa Nishapur alimfikia mshairi wa Tanga kwa kuzungukia Uingereza. Njia ya majahazi na njia ya matini hazikuwa moja, na mhakiki anayetaja dhamira peke yake hawezi kuona tofauti hiyo.

Mfano wa pili ni wa Julius Nyerere. Tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice humtaja mfanyabiashara mmoja katika jina lake. Tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969 iliitwa Mabepari wa Venisi. Mtu mmoja amekuwa wengi, na kazi yake imekuwa tabaka. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na neno "bepari" lilikuwa na uzito ambao Venisi ya Shakespeare haikuujua. Fortunatus Kawegere naye alitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya kazi ya George Orwell, mwaka huohuo wa 1967 Azimio lilipotangazwa. Katika kazi zote mbili kinachovutia si kwamba tamaa ya mali na usaliti wa madaraka vipo kila mahali. Kinachovutia ni kwamba Mtanzania fulani, katika mwaka fulani, aliichukua kazi ya mbali ili iseme jambo la nyumbani.

Hata pale ambapo hakuna tafsiri, swali ni lilelile. Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi imehusishwa mara nyingi na udhanaishi wa akina Sartre na Camus. Uhusiano huo upo. Lakini kukata tamaa kwa Kazimoto, msomi anayerudi kijijini na kukuta kwamba elimu yake haina mahali pa kukaa, hakuwezi kuelezwa kwa kutaja Paris tu. Kezilahabi alipokea swali. Jibu alilitafuta kwao.

Kasoro ya dhana ya dhamira za kilimwengu, kama inavyotumiwa katika uhakiki mwingi, ni kwamba inaanzia mwisho. Inauchukua mshabaha, ambao ni matokeo ya safari ndefu, na kuufanya chanzo. Kwa kufanya hivyo inafuta historia ya nani alimpa nani, na kwa masharti gani.

3. Nyoka wa Mango na mke wa Masaba

Masimulizi ya mlima wenyewe yana somo juu ya jambo hili. Imbalu, tohara ya wanaume ya Wamasaba, hufanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu wake hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Mtahiriwa husimama hadharani mbele ya ukoo na wageni, na hatakiwi kutikisika. Hakuna desturi inayomtambulisha Mmasaba zaidi ya hiyo. Mtu angetarajia kwamba masimulizi ya chanzo chake yangedai kuwa imbalu ilizaliwa mlimani pamoja na watu wake.

Masimulizi yanasema kinyume. Moja linasimulia kwamba Masaba alimpenda Nabarwa, binti wa jirani zao wa jamii ya Wakalenjin, naye Nabarwa akakataa kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa. Masaba akakubali kisu ili apate mke. Upande wa Kenya, Wabukusu, ambao ni ndugu wa Wamasaba kwa lugha na kwa mlima, husimulia habari za Mango aliyemwua joka lililokuwa likiwaangamiza watu. Kwa ushujaa huo alikubaliwa atahiriwe kwa desturi ya majirani zao Wabarwa, na kutoka kwake tohara ikaenea.

Mhakiki wa dhamira za kilimwengu huliona joka la Mango na mara moja huwakumbuka Mtakatifu Joji, Sigurdi wa Waskandinavia na Indra wa Wahindi. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini inamvuta macho mbali na kiini cha simulizi. Katika hadithi nyingi za majoka shujaa hupata hazina, ufalme au binti wa mfalme. Mango anapata jeraha. Tena jeraha lenyewe ni heshima inayomilikiwa na jirani, ambaye jana alikuwa mtu wa kutazamwa kwa mashaka. Simulizi la Nabarwa linasema jambo hilohilo kwa njia ya ndoa: kilicho chetu zaidi tulikipata kwa jirani, na tulikilipia.

Hapa pana nadharia ya athari iliyo kamili zaidi kuliko nyingi zinazofundishwa vyuoni. Ina sehemu tatu. Kwanza, kinachopokelewa kina mwenyewe, na mwenyewe anatajwa kwa jina. Nabarwa na Wabarwa hawafichwi. Pili, mpokeaji ana sababu yake ya kupokea, awe anataka mke au anataka heshima baada ya vita. Tatu, mpokeaji hulipa kwa mwili wake, na kwa malipo hayo kitu kinakuwa chake kabisa, kiasi kwamba leo hakuna anayemwita Mmasaba mwigaji wa Wakalenjin. Makala haya yanatumia sehemu hizo tatu, yaani mwenyewe, sababu na malipo, kama kipimo cha kusomea matini za kisasa.

4. Jinja na Mbale: namna mbili za kufikiwa na matini

Kipimo hicho kinaweza kujaribiwa kwanza Jinja. Jina la mji huo linatokana na neno la lugha za huko lenye maana ya jiwe, kwa ajili ya miamba iliyokuwa mahali mto unapotoka ziwani. Mto wenyewe wenyeji huuita Kiyira. Mwaka 1862 John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko hayo na kuyapa jina la Ripon, aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Mwaka 1908 Winston Churchill, katika kitabu cha safari yake ya Afrika, aliyatazama maporomoko yaleyale na kuona nguvu inayopotea bila kuzungusha mitambo. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na miamba iliyoupa mji jina ikazama.

Hiyo ni athari ya matini, na ni athari kubwa: kitabu kilitangulia, mradi ukafuata. Lakini ukitumia kipimo cha Wanale, sehemu ya kwanza haitimii. Mwenyewe hakutajwa. Dhamira ya kutafuta chanzo cha mto, ambayo Wazungu waliirithi kutoka kwa Herodoto na Ptolemayo, iliwasilishwa kama kiu ya binadamu wote ya kujua. Msoga aliyekuwa akivua samaki penye chanzo hicho hakuwa na kiu hiyo. Alijua mto unatokea wapi. Hapa neno "kilimwengu" lilikuwa jina la matamanio ya upande mmoja.

Mbale inatoa mfano wa pili, tofauti kabisa. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyeiweka sehemu kubwa ya mashariki chini ya Waingereza na kujenga makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa msomaji wa Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896 kwa kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta Kitakule. Biblia hiyo ilikusudiwa kumfanya awe Mkristo wa Kanisa la Kianglikana. Kakungulu aliisoma kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Aliingia kwanza katika madhehebu ya Wamalaki, walioishika Sabato. Kisha, baada ya kuona kwamba Agano la Kale linaamuru tohara, mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba huo ni Uyahudi, akaukubali Uyahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha mafundisho na sala kwa wafuasi wake. Jumuiya yao, Wayudaya, bado ina sinagogi katika kilima cha Nabugoye, karibu na mji. Ilivumilia kupigwa marufuku katika utawala wa Idi Amin, na nyimbo zake za Zaburi zilizotungiwa lahani za nyumbani zilitolewa Marekani katika santuri mwaka 2003.

Kwa mhakiki wa fasihi, kisa hiki kina thamani isiyo ya kidini. Matini ya Kiebrania ilipita katika Kiingereza na Kiganda, ikafika chini ya Wanale, na msomaji akatoa ndani yake maana ambayo walioileta hawakuitaka. Sehemu zote tatu za kipimo zimo. Mwenyewe wa matini alitajwa, tena kwa kurukwa mfikishaji: Kakungulu alimwendea Musa na kumwacha askofu. Sababu ilikuwepo, kwani jemadari huyo alikuwa amekosana na serikali iliyomtumia. Malipo yalikuwa ya kisu, kama ya Masaba na Mango.

Ni muhimu pia kuona kile ambacho mshabaha ungekificha. Tohara ya Kakungulu na imbalu zilifanyika katika eneo moja, na zote ni za kisu. Lakini ya kwanza ilitoka katika kitabu na kutii amri ya Mungu. Ya pili hutoka katika ukoo na kushuhudiwa na halaiki. Kuziita dhamira moja ni kukiangalia kisu na kuacha kuwasikiliza watu.

Kisa hicho kina upande mwingine unaowahusu wapangaji wa sera. Kiganda kilikuja Mbale pamoja na mawakala wa Kakungulu, kikawa lugha ya utawala, ya kanisa na ya shule, na Wamasaba wakakichukulia kuwa lugha ya mabwana. Matini ilikuwa ikija kutoka magharibi. Hakuna iliyokuwa ikienda. Ndiyo sababu upinzani dhidi ya mawakala wa Kiganda ukawa pia madai ya lugha ya mlima.

5. Mwambu katika Kiingereza

Timothy Wangusa, aliyezaliwa Bugisu mwaka 1942, alisoma Makerere na Leeds, akatoa diwani ya Salutations mwaka 1977, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu na profesa wa fasihi Makerere. Riwaya yake Upon This Mountain ilitoka mwaka 1989 katika mfululizo wa Waandishi wa Afrika wa Heinemann. Ni riwaya ya makuzi: mvulana aitwaye Mwambu, aliyezaliwa chini ya mlima, anatamani kuigusa mbingu, na msomaji anafuatana naye kuelekea utu uzima baina ya nyumba, shule, kanisa na imbalu.

Kwa msomaji wa nje, mirathi ya riwaya hii ni dhahiri. Jina lake linaita Injili, mahali ambapo kanisa linaahidiwa kujengwa juu ya mwamba, na pia hotuba ya mlimani. Hamu ya kufika mbinguni inaikumbusha Babeli na ngazi ya Yakobo. Hatua za Mwambu kuelekea utu uzima zina ndugu katika safari ya John Bunyan, kitabu kilichosomwa katika shule nyingi za misheni barani, na katika riwaya za makuzi za Ulaya. Mhakiki anaweza kuridhika na orodha hiyo na kuandika kwamba Wangusa ameshughulikia dhamira ya kilimwengu ya kupoteza utoto.

Msomaji wa Wanale anasoma riwaya nyingine ndani ya hiyohiyo. Kwake Mwambu si jina la kubuni tu. Ni jina la ndugu yake Wanale, mwana wa Masaba. Mvulana mwenye jina hilo anapotamani mbingu, ni babu wa koo anayepelekwa shuleni. Mlima kwake si ishara ya kupanda kiroho tu; ni baba. Swali la riwaya halisimami kwenye mtu mmoja kupoteza utoto, bali linafika kwenye ukoo mzima: itakuwaje mwana wa Masaba akijifunza kwamba juu ya baba yake kuna baba mwingine? Nguvu ya kazi hii iko katika kuzishika simulizi mbili kwa wakati mmoja bila kuifanya moja iwe pambo la nyingine. Inampokea Yakobo kama Masaba alivyompokea Nabarwa: kwa jina, kwa sababu na kwa gharama.

Hata hivyo, riwaya hiyo ilifika ulimwenguni kwa mlango mmoja, nao ni Kiingereza. Mwandishi hastahili lawama kwa hilo. Mlango huo ulijengwa kabla yake. Mwaka 1962 Makerere iliandaa mkutano maarufu wa waandishi wa Afrika, na sharti la kualikwa lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, alikuja kuonesha miaka mingi baadaye kwamba kwa sharti hilo Shaaban Robert hakuwa na nafasi. Mkutano ulijadili fasihi ya Afrika katika Afrika Mashariki bila mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye alifariki mwaka huohuo. Matokeo yake ni jiografia ya fasihi isiyo ya kawaida: Wanale iko karibu na London kuliko ilivyo karibu na Tanga, na Mwambu anajulikana zaidi katika idara za Kiingereza kuliko katika idara za Kiswahili zilizo mwendo wa siku moja kwa basi.

6. Nafasi ya Kiswahili

Je, Kiswahili kinaweza kuwa mlango wa pili? Wapo watakaojibu kwamba si lazima: kama dhamira ni za watu wote, inatosha zisomwe katika lugha yoyote, na Kiingereza kinatosha. Hoja hiyo ina nguvu kwa msomaji mmoja mmoja, lakini haina nguvu kwa fasihi. Lugha inayopokea kazi hubadilika kwa kuipokea, na lugha isiyopokea hubaki maskini mahali hapo.

Mfano mmoja wa neno unatosha. Mfasiri wa Wangusa, au wa nyimbo za Wamasaba, atakutana na imbalu. Akiandika "tohara", ameleta neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya usafi, na pamoja nalo harufu ya udhu na dini ambayo imbalu haina. Akiandika "jando", msomaji wa Tanzania ataona kambi ya porini, ngariba, na mafunzo ya siri mbali na macho ya wanawake, wakati imbalu ni tendo la hadharani, mchana, mbele ya mama na dada. Kiingereza nacho kina neno lake lenye harufu ya hospitali na ya Agano la Kale. Hakuna lililo sawa. Mfasiri mwangalifu ataliacha neno imbalu liingie katika Kiswahili kama lilivyo, na kwa kufanya hivyo Kiswahili kitakuwa kimefanya kile alichofanya Masaba: kimechukua kitu kwa jirani, na kimemtaja.

Kiswahili kina uzoefu wa kazi hiyo, ingawa ni mdogo kwa upande wa Uganda. Song of Lawino ya Okot p'Bitek ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, matini yake ya Kiacholi ikachapishwa mwaka 1969, na Paul Sozigwa akatoa Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili mwaka 1975. Taban lo Liyong alirudi baadaye kwenye Kiacholi na kutoa tafsiri nyingine ya Kiingereza mwaka 2001, ishara kwamba ile ya kwanza haikuwa imesema yote. Funzo lake kwa wafasiri wa Kiswahili liko wazi. Anayefasiri kazi ya Uganda kutoka katika Kiingereza hupokea kitu kilichokwisha kupunguzwa ili kimfae msomaji mwingine. Kiacholi hakina undugu na Kiswahili, na ugumu wa kukiendea moja kwa moja unaeleweka. Kimasaba na Kisoga ni lugha za Kibantu. Ngeli zake, vitenzi vyake na methali zake ziko karibu na Kiswahili kuliko zilivyo na Kiingereza. Kuzungukia London ili kutoka Mbale kwenda Dar es Salaam ni kurudia safari ya Omar Khayyam bila sababu.

Suala hili sasa ni la sera. Uganda ilikuwa moja ya nchi nne zilizounda Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliyosanifisha Kiswahili, kisha ikakaa pembeni. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya madarasa mawili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mbale na Jinja si mahali pageni kwa lugha hii. Imesikika kwa muda mrefu relini, sokoni, viwandani na kambini. Kwa wengi, hasa waliopitia miaka ya 1970, sauti yake ni ya kambini.

Lugha yenye kumbukumbu hiyo haiwezi kusafishwa kwa sarufi. Mwanafunzi wa Wanale akipewa vitabu ambavyo watu wake wote wanatoka Pwani au Bara ya Tanzania na Kenya, atajifunza ngeli na kufaulu mtihani. Atakuwa amefundishwa vilevile, bila kuambiwa, kwamba katika lugha hii hakuna mlima wake. Kiganda kilifanya kosa hilo katika nchi hiyohiyo, na historia yake iko wazi kwa kila anayetaka kujifunza.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa na vyombo vilivyopo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vyuo na mabaraza ya lugha vinaweza kuipa tafsiri ya kutoka Kimasaba, Kisoga na lugha nyingine za Uganda kwenda Kiswahili uzito uleule unaopewa uundaji wa istilahi. Jinja tayari ina Kituo cha Utafiti wa Utamaduni chenye machapisho ya Kisoga ambayo mfasiri anaweza kuyaanzia. Wakuza mitaala wanaweza kuweka katika orodha ya vitabu teule vya fasihi angalau kazi moja ya asili ya mkoa wa mwanafunzi. Walimu wa fasihi linganishi nao wanaweza kuacha kumtuza mwanafunzi anayetaja dhamira tu, na kumtaka aeleze njia: lugha, mfasiri, sababu na mabadiliko. La tatu halihitaji bajeti.

7. Hitimisho

Makala haya hayakanushi kwamba yapo mambo yanayowagusa watu wote. Yanakataa tu kuyachukua kama maelezo. Shaaban Robert, Nyerere, Kakungulu na Wangusa walipokea kazi za mbali, na kila mmoja alizipokea kwa njia yake. Njia hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna uchaguzi, hasara na ubunifu. Jinja inaonesha kinachotokea matini inapofika bila kumtambua mwenyeji. Mbale inaonesha kinachotokea msomaji anapoishika matini kwa mikono yake miwili.

Simulizi la Masaba na Nabarwa limekwisha kuliweka jambo hili mahali pake. Watu wa mlima hawakuona aibu kusema kwamba imbalu ilitoka kwa jirani, kwa sababu walijua walichokitoa ili iwe yao. Kiswahili kimepokea kutoka kwa Waarabu, Waajemi, Wahindi, Wareno na Waingereza, nacho hakioni aibu kusema hivyo. Kinachobaki ni kupokea kutoka kwa Wanale.